Nusu ya Kwanza Iko Jinja

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi Edinah Awuor anastaafu kutoka kaunta ya vifurushi ya ofisi yetu ya mabasi hapa Jinja. Umri wa kustaafu haujamfikia. Macho ndiyo yamemtangulia. Daktari alimweleza mwaka jana kwamba presha ya macho imeshakula pembeni mote na sasa inaelekea katikati, na kwamba dawa ya matone itaichelewesha tu. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, lakini asinitegemee sana.

Mama Edinah, kama sote tunavyomwita, alizaliwa Ugenya, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, akaletwa Walukuba, hapa Jinja, akiwa mdogo baba yake alipopata kazi kiwandani. Aliingia ofisi hii mwaka 1996 kama mfagiaji. Haukupita muda mrefu akapewa mizani, kisha kaunta nzima, na tangu hapo hakuna kifaranga aliyefia mikononi mwake kwa kusahauliwa juani. Amepokea vipuri vya pikipiki, maturubai, dawa za ng'ombe na vyungu visivyofungwa vizuri ambavyo wenyewe walikula kiapo kwamba havivunjiki. Siku moja gauni la bi harusi lilisahauliwa huku basi la Mbale limekwisha ondoka. Mama Edinah alipanda boda, akalifukuza basi hadi Mafubira akiwa na gauni mapajani, akamkabidhi dereva bila kusema neno. Dereva anasema angepigiwa kelele ingekuwa nafuu.

Lakini aliyewahi kufika kwenye kaunta ile anajua kwamba chini ya mizani kulikuwa na kitabu siku zote. Mama Edinah alisoma kama anavyopokea mzigo, kwa uangalifu na kwa kushuku kidogo. Alinawa mikono kabla ya kukifungua. Dibaji aliiruka, akidai mtu anayeomba radhi kabla hajakosa ana lake jambo. Alipenda hadithi za familia, hasa zile ambazo ndugu wanagombania nyumba, na hakuwa na subira na hadithi ambayo kila mtu anatubu kwenye ukurasa wa mwisho. Za upelelezi alizisoma akiwa na malaria tu. Mteja akitokea, kitabu kilifungwa, hata kama ndani yake mtu alikuwa amening'inia juu ya kisima.

Vitabu vya Kiswahili havipatikani ovyo huku kwetu Uganda. Watu wengi Kiswahili wanakijua kwa amri za wanajeshi, si kwa hadithi. Mama Edinah alikuwa akivisubiri kutoka kwa Mkenya mmoja auzaye vitabu vikuukuu sokoni, ambaye huja navyo anapojisikia. Na kule Mbale, kwenye kaunta ya vifurushi ya upande wa pili, kulikuwa na mwenye njaa kama yake, marehemu Sulait.

Wawili hawa walibuni utaratibu ambao sijauona kwingine. Kitabu kikipatikana, Mama Edinah alikikata katikati kwa kisu cha kukatia kamba. Hakujali sura inaishia wapi. Alipima unene kwa kidole, akakata. Nusu ya kwanza ilibaki Jinja, ya pili ikapanda basi kwenda Mbale. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyeanzia mwanzo, na Sulait, kwa miaka yote ile, alisoma kila kitabu kuanzia katikati hadi mwisho, ndipo akapata mwanzo. Aliwahi kupiga simu ya ofisi kuuliza kwa nini watu wote wanamlilia mzee ambaye yeye hajamfahamu. Mama Edinah alimjibu avumilie, mzee atazaliwa Ijumaa, basi la mchana.

Sheria yao ilikuwa moja: asiyefika haambiwi. Sulait alijua mwisho wa kila hadithi wiki nzima kabla ya mwenzake, na hakuwahi kuutoa. Wote wawili wakishamaliza, Mama Edinah alizishona nusu mbili kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, akakiweka kitabu kwenye rafu nyuma ya mizani. Rafu hiyo ipo mpaka leo. Wageni huuliza kama ni vitabu au ni mizigo.

Mwaka jana, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, alipata kitabu kisicho na jalada wala kurasa za kwanza. Hakuna aliyejua jina lake, wala muuzaji mwenyewe. Ni hadithi ya Bi Mwatime, aliyegombana na dada yake kwa ajili ya nyumba ya mama yao, wasisemezane mpaka nywele zikageuka mvi. Bi Mwatime anapanda gari moshi kurudi. Nusu ya kwanza inaishia amesimama mlangoni kwa dada yake, mkono ameuinua, bado hajagonga. Mama Edinah alikuwa amekatia hapo bila kukusudia, na siku aliyofika pale alitutangazia ofisi nzima kwamba kisu kimemkomesha.

Wakati huohuo ndipo matone ya macho yalipoanza, na ndipo Sulait alipolazwa. Mama Edinah alipanda basi kwenda Mbale kumwona. Nilifuatana naye, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Sulait alikuwa amekwisha sana, sauti inatoka kwa kukopa.

“Mama Edinah, mimi naona ile kitabu sitaleta,” alisema. “Wacha nikwambie tu mwisho.”

Mama Edinah alimwekea kiganja mbele ya mdomo, bila kumgusa.

“Nyamaza. Utaleta mwenyewe, na mkono yako.”

Sulait alicheka kidogo, akageukia ukutani. Alizikwa Novemba, katikati ya wiki, na basi la asubuhi kutoka Jinja lilijaa wafanyakazi tu.

Hapa ndipo ninapoumia kuandika. Nusu ya pili ilibaki nyumbani kwa Sulait, na Mama Edinah alijua hivyo. Macho yake yalikuwa yakififia wiki hadi wiki, na sisi tulimsihi aende akaiulizie. Alikataa. Mjane, Ramlah, alikuwa kwenye eda, na Mama Edinah, Mkristo wa Walukuba, aliona ni aibu kumsumbua mwanamke aliyekaa ndani kwa kumlilia mumewe, eti kwa ajili ya hadithi. Alisema angengoja miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Waswahili husema subira huvuta heri. Safari hii haikuvuta kitu.

Ramlah huuza karanga za kukaanga pale kituoni Mbale. Eda ilipokwisha, alirudi kwenye biashara yake asubuhi ya kwanza, na kwa kuwa alihitaji karatasi za kufungia, alichukua zile zilizokuwa chini ya kitanda. Nusu ya kitabu, haina jalada, inaanza katikati ya sentensi, inapepea uzi. Nani angeiita kitabu? Mimi mwenyewe ningefungia karanga.

Wiki hiyo hiyo Faizal, dereva wa basi la mchana, alimletea Mama Edinah karanga kama alivyozoea. Mama Edinah alikula, kisha akaisogeza karatasi hadi karibu na pua, kama anavyosoma siku hizi. Akaona jina la Bi Mwatime. Alikaa chini juu ya gunia la mahindi la mteja, jambo ambalo amewakataza watu kulifanya miaka yote, na hakuinuka hadi mwenye gunia alipokuja.

Kuanzia siku hiyo madereva wetu wakawa walaji wakubwa wa karanga. Walizinunua zote za Ramlah kila walipofika Mbale, wakaulizia hata kwa abiria waliokwisha kula. Karatasi zilikuja zimejaa mafuta na chumvi, nasi tulimsomea Mama Edinah kwa zamu wateja wakipungua. Katika moja, dada wawili wanachambua maharage pamoja. Katika nyingine kuna maiti anaoshwa, na jina lake halitajwi. Ipi inatangulia? Hatujui. Ukurasa wa mlangoni haukupatikana, wala wa mwisho. Karanga zimekwisha liwa, na upepo wa kituoni umefanya yake.

Habari zilimfikia Ramlah. Alikuja Jinja mwezi Mei, amejitanda kanga nyeusi, akasimama kwenye kaunta kwenye foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika alilia kwanza. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

“Wewe ulikataa kusikia, basi aliambia mimi,” alisema. “Ile mambo ya mlango, yote. Mimi nilidhani anasema juu ya dada zake.”

Mama Edinah aliinua kiganja, vilevile kama hospitalini. Halafu akakishusha taratibu juu ya mizani, na mshale ukasogea.

“Nikitoka kazi kabisa nitakuja kwako,” alisema. “Hii si mambo ya kaunta.”

Wengine hapa wanaona angemwacha aseme palepale, ayamalize. Mimi naona aliogopa, na simlaumu. Mwisho ule ndio kitu cha mwisho Sulait alichonacho cha kumpa, na akishaupokea hakuna basi litakaloleta kingine. Tumemkumbuka Sulait sana ofisini mwaka huu, na sasa tutakuwa na wawili wa kuwakumbuka.

Uongozi ulitaka kumzawadia saa ya ukutani. Nilishauri kwa adabu kwamba mtu anayepoteza macho hahitaji saa ya kutazama. Alipoulizwa mwenyewe, aliomba tiketi ya kwenda Mbale, kiti cha mbele, tarehe mosi Julai. Faizal ndiye atakayeendesha. Nusu ya kwanza ameiacha kwenye rafu, haijashonwa, na sindano ya magunia imetundikwa kwenye msumari wake. Kila saa ya chakula mmoja wetu anaichukua nusu hiyo, ananawa mikono, anawasomea wenzake kurasa chache.

Mama Edinah, asante kwa mizigo uliyoifikisha, kwa vifaranga wazima na kwa bi harusi aliyevaa. Asante kwa kutufundisha kwamba hadithi nayo ni amana. Tunakuombea barabara kavu hadi Mbale na mwenyeji atakayekufungulia kabla hujagonga. Safari hii keti, usiinue mkono, sikiliza mpaka mwisho.

Na ukirudi kutujulia hali, tafadhali usituambie. Sisi bado tuko nusu ya kwanza.

Janepher Nangobi
Kaunta ya Vifurushi, Jinja