Mama Halo Anaulizwa Kama Ni Yeye

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Wauguzi mliotoka zamu na mnaosinzia kwa adabu. Madereva, wapishi, wafagiaji. Na wewe fundi wa mitandao uliyejibanza nyuma ya spika, nakuona: habari za asubuhi.

Mniwie radhi kwa kusimama mbele yenu na simu mkononi. Si utovu wa adabu. Kuna ujumbe nausubiri.

Kila aliyesimama hapa kuniaga ninapostaafu amesema Mama Halo alikuwa na subira, Mama Halo sauti yake ilikuwa dawa, na mmenizawadia saa ya ukutani. Nashukuru sana. Lakini jamani, mnamuagaje mtu ambaye bado anajibu watu, hata sasa hivi tunapoongea?

Mgeni Rasmi, wewe hujui, kwa hiyo nikueleze. Wakubwa waliamua kwamba simu na jumbe zote za meza yetu ya maulizo, nilipopokea simu mpaka mkaniita Mama Halo, zijibiwe na roboti. Wageni walishaalikwa kwenye uzinduzi, keki ilishaagizwa, roboti yenyewe haijasajiliwa. Kampuni ya mtandao ilitaka picha yake, tarehe yake ya kuzaliwa, kisha ikaitaka iweke alama mahali palipoandikwa: "Mimi si roboti." Fundi wetu alihangaika mpaka kipara kikamtoka jasho. Kila akituma maombi, yanarudi.

Akafanya tunavyofanya siku zote katika hospitali hii: ukikwama, tumia jina la aliye karibu. Si mashine ya kufulia imeandikishwa kwa jina la dereva? Akanijia mbio, "Mama, nisaidie akaunti yako, ni kwa leo tu." Basi roboti ikasajiliwa kwa jina langu na picha yangu, ile niliyovaa miwani. Makofi yakapigwa, keki ikakatwa. Mabinti zangu wa mezani, wale niliopokea nao simu, wakaambiwa wasirudi, na mimi nikapelekwa stoo ya mashuka kukunja foronya.

Tangu hapo, kila asubuhi kampuni inaniletea ujumbe: "Je, anayezungumza ni wewe?" Nikibonyeza Ndiyo, roboti inaendelea kujiita Mama Halo. Nikibonyeza Hapana, inazimika, na simu zinarudi kulia pale mezani kama zamani. Mezani hakuna mtu. Ningefanyaje? Nimebonyeza Ndiyo, nikarudi kwenye foronya zangu, roho inaniuma.

Mnamkumbuka yule mzee fundi saa, aliyekuwa na mkewe wodi ya pili? Wauguzi mnamkumbuka. Alfajiri mkewe alifariki. Asubuhi mzee, hana habari, akaandika, "Mama Halo mwanangu, mama yako ameamkaje?" Akajibiwa pale pale, "Mgonjwa wako anaendelea vizuri. Umeridhika na huduma yetu? Tupe nyota." Mzee wa watu akatoa nyota tano.

Akaja na kanga safi na chupa ya chai. Walipomweleza, hakumfuata daktari. Alinifuata mimi, stoo, akanionyesha simu yake. Picha yangu hiyo. "Si wewe ulisema anaendelea vizuri?" Nikamwambia, baba, si mimi. Akaitazama picha, akanitazama usoni, akasema, "Basi sawa." Akaiacha ile chupa juu ya mashuka, akaondoka. Mimi nimeshaambia watu habari za misiba mingi kwa mdomo wangu huu, na sijawahi kutazamwa vile.

Niliandika kwa Daktari Mkuu. Aliniambia suala linashughulikiwa. Niliandika kwa kampuni ya mtandao. Nikajibiwa na roboti yao, ikaniomba kwanza nithibitishe kuwa mimi si roboti! Mnacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia. Fundi naye, maskini, ananikwepa kwenye korido kama mtu mwenye wake wawili. Simlaumu. Nimechoka tu, ndugu zangu. Sioni wa kumwendea tena.

Haya, ujumbe umefika. Ngoja nivae miwani. "Je, anayezungumza ni wewe?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hebu niambie wewe. Nibonyeze Ndiyo niende nyumbani, nikapike, nilale, na huku jina langu likiwaambia watu wenye maiti kwamba wagonjwa wao wanaendelea vizuri? Daktari Mkuu, usinyanyue mkono, nimekusikia miezi yote hii. Mimi ndiye niliyezungumza asubuhi hii mbele yenu. Kule, si mimi.

Nimebonyeza Hapana.

Mnasikia? Hapo nyuma ya ukuta, chumba cha pili. Ndiyo meza ya maulizo hiyo inayolia. Mabinti zangu mliwafukuza, na mimi mmeshaniaga, saa yangu hii hapa. Nani anakwenda kuipokea? Wakuu wa idara? Fundi? Mbona mnaangalia viatu?

Inaendelea kulia. Ni mtu na mgonjwa wake. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa, tafadhali, mmoja wenu akamsikilize huyo.