Herminda Tibaduiza, Aliyepima Moshi wa Vigae

Dada yetu Herminda Tibaduiza Chaparro alizaliwa mjini Tópaga tarehe 4 Septemba 1961, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Belisario na marehemu Mama Otilia. Mimi ninayewasomea ni Belarmino, mdogo wake wa pekee. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko yeye, na hilo hakuchoka kunikumbusha.

Alisoma shule ya msingi palepale Tópaga, kisha sekondari Sogamoso, akahitimu mwaka 1979. Mwalimu wa hesabu alimwandikia Baba kwamba binti huyu haamini jibu la kitabuni mpaka ahesabu mwenyewe. Baba alidhani ni mashtaka, akamchapa. Miaka mingi baadaye Baba huyohuyo aliitia barua ile kwenye fremu na kuitundika sebuleni.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae cha Peña Honda, kazi yake ikiwa kupima udongo. Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa na Evelio Siachoque, dereva wa lori la vitunguu. Siku ya harusi alikutwa jikoni na gauni lake jeupe, akiwahoji wapishi wametumia kuni kiasi gani kwa sufuria ile ya supu ya viazi.

"Bibi harusi, toka moshini!" Mama alimfokea.

"Nauliza tu, Mama."

Shemeji Evelio alicheka mpaka akakaa chini. Mungu aliwajalia binti mmoja, Nidia.

Mwaka 2013 wanunuzi wa nje walianza kutaka kila boksi la vigae liwe na lebo ya hewa ukaa, yaani kilo ngapi za hewa hiyo zimetoka kwa kutengeneza mita moja ya mraba. Kazi alipewa Herminda. Akiwa na miaka hamsini na mbili alianza kufuatilia udongo tangu shimoni, umeme wa mashine, dizeli ya malori, na zaidi ya yote makaa ya mawe ya tanuri. Alirudi nyumbani na vumbi kwenye kope. Wenzake walimtania, "Mama Mizani, na mkate huu una kilo ngapi?" Naye aliwajibu, "Nionyesheni kwanza tanuri lake." Hakuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake, isipokuwa moja. Hiyo nilimpa mimi.

Nilikuwa mtia makaa pale. Makaa tuliyapima wenyewe mlangoni mwa tanuri na kuyaandika kila zamu. Lakini tanuri lile halikuzimwa kamwe, kwa sababu likipoa kuta zake za ndani hupasuka. Kwa hiyo kila sikukuu tulilitia makaa kimyakimya bila kuandika. Kwetu, mtu anayefanya kazi Ijumaa Kuu hana uso wa kuwatazama watu, na Mama alikuwa bado hai. Moshi ukionekana mjini tulisema tanuri linapoa. Mwaka 2014 Herminda aliniuliza.

"Belarmino, siku za sikukuu mnalitia makaa?"

"Tanuri nalo ni Mkristo, dada. Linapumzika."

Alicheka, akaandika sifuri. Lebo ikatoka: kilo kumi na mbili nukta nne.

Ijumaa Kuu ya tarehe 30 Machi 2018 nilidai naumwa. Yeye akaniletea bakuli la chakula nyumbani, na mke wangu, asiyejua kudanganya, akamwambia niko kiwandani. Alinikuta na koleo mkononi.

"Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu."

"Dada, likipoa litapasuka."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

Niliweka koleo chini. Alinipa bakuli. "Kula, kinapoa," akasema, akaondoka.

Alihesabu upya, akapata kilo kumi na tatu nukta saba. Aliwaandikia wakubwa na wanunuzi wote, na chini ya barua, juu ya sahihi yake, akaandika: *Kosa ni langu. Sikwenda kuona mwenyewe.* Jina langu hakulitaja. Mnunuzi mkubwa aliondoka, zamu ya pili ikafungwa, watu thelathini na mmoja wakapoteza kazi. Herminda alistaafishwa mapema. Mimi nilibaki, maana tanuri lilihitaji mtia makaa.

Hapa mjini mlimwita mzembe. Siku moja, kwenye foleni ya mkate, mtu alisema kwa sauti, "Mama Mizani ametupima, akatuona wazito, akatutupa." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinunua mkate wake, akaenda.

Agosti 2024 madaktari wa Tunja walimkuta na saratani ya kongosho. Nilimtembelea kila Jumapili, tukazungumzia mvua na bei ya vitunguu. Jumapili ya mwisho nilipiga magoti kando ya kitanda. Akanitazama. "Kama umekuja kuungama, padre anakuja Alhamisi. Mimi nisomee gazeti." Nikamsomea gazeti. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Evelio. Ile Alhamisi ndiyo leo, na padre amekuja kumzika. Moyo wangu umevunjika, na sijui nani ataupokea.

Nidia aliyasoma maneno haya jana, kabla hayajachapwa. Akasema, "Mjomba, yachapwe yote."

Herminda ameacha mume, Evelio, binti, Nidia, mjukuu mmoja, Luz Ángela, na mdogo wake, Belarmino, aliyemdanganya.

Nyinyi wa familia zile thelathini na moja, wengi wenu mmesimama hapa. Miaka saba mmemkasirikia mtu asiye na kosa. Hasira hiyo nipeni mimi, ni yangu. Yeye mwacheni apumzike.