Mama Namba Nne

Pale Masimba, mbele ya duka la kinyozi aliyehamia Nairobi, kuna benchi lisilokosa wabishi. Mose muuza kahawa hajamaliza kumimina, tayari kuna mtu amekasirika. Jumapili hiyo Ondieki, ambaye kijiwe kizima humwita Stesheni, alikuja na neno zito. Binti yake Linet anaolewa, na Stesheni anataka mama aliyemlea yeye utotoni aketi mbele siku hiyo. Walikuwa majirani kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, stesheni ya Maji Mapya, huko mbali alikofanya kazi baba yake. Siku hizi hapana treni, hapana landhi, hapana watu.

— Nimeenda huko, wazee. Ni mahindi tupu! Nauliza vijana, wananiambia, reli gani?

— Ilikunjwa, akasema Bosire, aitwaye Wakili ingawa mahakamani alifika kama mshtakiwa tu.

— Reli ikunjwe kama mkeka?

— Kabisa! Ikauzwa ng'ambo.

— Na watu je?

— Walipakiwa behewa la mwisho. Hiyo treni bado inatembea, hawajaambiwa washuke.

— Yaya, hapana, Wakili, wacha uongo! akaruka Manasseh, fundi redio, Injinia wa kijiwe. Hao walienda chini. Mvuke wa garimoshi ulilainisha udongo. Ukichimba hapo utapata mtu anangoja tiketi.

Stesheni alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Lakini moyo ulikuwa ukimuuma, maana harusi haingoji.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja gari la Kisii, Purity, mwalimu mgeni, akasogea.

— Samahani, wazee. Huyo mama anaitwa nani? Tunaweza kuulizia makanisani.

— Mama Namba Nne.

— Hiyo ni namba ya mlango, baba. Jina lake.

— Landhi tuliitana hivyo. Sisi tulikuwa Namba Tano. Mama yangu alipofariki, Namba Nne ndiye aliyeniogesha, akanipeleka shule, akanilaza na watoto wake.

— Sawa. Jina?

Wakili akatazama Injinia. Injinia akatazama kikombe. Aibu ikampanda Stesheni mpaka masikioni.

— Yeye langu alilijua, akasema. Chakula kikiiva alisimama mlangoni akaita, Ondieki! Landhi nzima ilisikia. Mimi lake sikuwahi kumuuliza.