Baba Mkwe Nje ya Dirisha

Dada zangu, wazee wetu, nawasalimu. Ningesema Kikisii ningemaliza upesi na mngecheka zaidi, lakini leo tuna wageni kutoka upande wa ziwa, kwa hivyo nivumilieni na Kiswahili changu cha Sironga. Mwenyekiti ameniomba niwe mfupi. Sijui kuwa mfupi, lakini nitajaribu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga nilipoolewa. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili, mtoto alizaliwa ameshakufa, na mimi nikabaki nikihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani. Nikichuma pareto kidogo tu, lazima nikae chini. Nyumbani wakasema mvivu, wengine wakasema nimerogwa. Mume wangu alikuwa kazini kwenye majani chai kule Kericho. Mtu mpole, lakini neno la baba yake kwake lilikuwa sheria. Mimba ya tatu ilipoingia, miguu ilivimba hata viatu vikakataa, nikapelekwa hospitali mjini Kisii.

Hapo ndipo nilipofungwa. Ndugu zangu, nasema kufungwa, sikukosea neno. Waliniambia moyo wangu ni mgonjwa tangu utotoni na mimba imeuzidi nguvu, kwa hivyo nitalala pale pale mpaka nijifungue. Nilale! Mwanamke wa Kigusii alale mchana, mwezi baada ya mwezi, na wimbi liko shambani halijapaliliwa! Hata kwenda chooni nilikuwa naomba ruhusa. Nilikuwa naona kilima cha Nyanchwa kupitia dirishani, watu wanapanda na kushuka kwa miguu yao, na niliwaonea wivu wote, hata walevi.

Kila asubuhi walikuja pamoja wakanizunguka: daktari wa akina mama, mkunga mkuu, sista wa wodi, na siku nyingine daktari wa moyo aliyekuwa akitoka Kisumu. Hata mama wa jikoni aliitwa aulizwe nimekula nini, maana chumvi ilipigwa marufuku. Mmewahi kula chinsaga, mboga yetu ile chungu, bila chumvi? Msicheke, ni uchungu juu ya uchungu. Basi huyu anabonyeza mguu, yule anasikiliza mgongo, wanasema Kiingereza juu ya kichwa changu, wanatikisa vichwa, wanaenda. Mimi najua tu kwamba nakufa.

Sasa daktari, kwa nia njema kabisa, akatuma ujumbe kwamba baba mkwe aje anione. Loo! Kwetu kuna chinsoni, ile heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe. Hatupeani mkono, haingii nyumbani mwangu. Anione nimelala? Afadhali radi inipige. Mzee wa watu akaja na kofia yake na fimbo, sista akamwongoza hadi mlangoni pa wodi. Akanikuta miguu imewekwa juu ya mito, shuka imepanda hadi magotini. Nilijifunika kichwa. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu, tena mbio, anaondoka.

Mama mkwe alikuja baadaye na neno moja: "Mzee amesema urudi nyumbani. Mahali wanapoanika wake za watu hadharani, sisi hatuzalii hapo."

Nilitazama dari. Nikibaki, ndoa imekwisha. Nikienda, sifiki na uhai. Nawaambia, hata jela mtu huambiwa atatoka lini.

Asubuhi iliyofuata walipokuja kunizunguka na Kiingereza chao, nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe: "Nyamazeni!" Wodi nzima ikageuka. Mkunga mkuu, Mkisii wa pale Nyakoe, akaniinamia. "Mama, kuna nini?" Nikamwaga yote kwa Kikisii, naye akawatafsiria: kwamba wananijadili kama ng'ombe mnadani, kwamba wamemwaibisha mzee, na kwamba watu wa nyumbani watakuja kunichukua.

Daktari hakukasirika. Aliketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza, "Mzee anaweza kukaa wapi bila aibu?"

"Nje," nikasema. "Ukutani. Asinione."

Wakasukuma kitanda changu hadi dirishani. Mkunga akaenda mwenyewe nyumbani Sironga kuomba radhi, na mzee akakubali. Akawekewa kiti nje chini ya dirisha, mgongo wake ukutani, mimi huku ndani. Wote wakatoka wakasimama kwenye nyasi mbele yake, hata mama wa jikoni na aproni yake. Wakamweleza ugonjwa wangu na kazi ya kila mmoja, mkunga akitafsiri. Jamani, nami ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa ugonjwa wangu!

"Nikimpeleka nyumbani?" mzee akauliza.

"Atakufa, yeye na mtoto," daktari akajibu.

"Na akibaki?"

"Hatuwezi kuahidi, mzee. Lakini siku hiyo tutakuwa naye sote."

Halafu akasema, "Na yeye mwenyewe anataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mkunga akaingiza kichwa dirishani. Nikamjibu kwa nguvu, ili mzee asikie, "Nataka kubaki. Namtaka mtoto wangu."

Mzee akakohoa, akaongea akitazama bustani: "Mwambieni mke wa mwanangu alale. Kazi yake sasa ni kulala. Na atakayemwita mvivu aje anieleze mimi."

Nililia mpaka sista akauhofia moyo wangu.

Kitanda hakikuwa kitamu baada ya hapo, sitawadanganya. Nilikichukia hadi mwisho. Lakini siku ya kujifungua walikuwepo wote kama walivyosema. Daktari wa moyo alinishika mkono akihesabu mapigo, daktari wa akina mama akamvuta mtoto kwa vyuma ili nisisukume, na mkunga akampokea. Msichana! Akalia kwa sauti ya mama mkwe kabisa. Nikaambiwa pia nisibebe mimba tena. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Nawashukuru wale wote walionizunguka. Namshukuru mzee, Mungu amlaze pema. Ninyi wenye mgonjwa, msikae nyumbani mkituma amri. Nendeni mkaulize, mkasikie wenyewe.

Na sasa wewe, sitakutaja. Uko hapa ndani na mimba yako. Umeambiwa ukalazwe Jumatatu, na jana umeniambia huendi, kwa sababu nani atakamua ng'ombe. Ng'ombe nitakamua mimi. Mama mkwe wako nitaongea naye leo, kabla hajatoka hapo mlangoni. Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua, na nikikukuta bado hujavaa, nitakuvalisha mwenyewe.