Mawaridi ya Mzee Lomayani na Mbwa wa Bibi

Leo ni Ijumaa, tarehe 12 Juni 1914, na nimeahidi kueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo mwalimu wetu Nathanaeli angependa niyaruke. Tarehe 27 mwezi huu Mzee Lomayani anapumzika kazi, baada ya kutunza bustani ya misheni yetu chini ya Mlima Meru kwa miaka kumi. Sisi wasichana wa shule tumepalilia chini yake, ndiyo maana nimepewa kazi ya kumwandikia katika gazeti la misheni.

Alipoanza, alidhani kupanda kitu kisicholiwa ni mzaha. Bibi, mke wa Mchungaji, alimkabidhi vijiti sita vya waridi vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi. Leo ni miche arobaini na miwili, na hakuna harusi wala mazishi ya kanisa letu yanayokosa maua yake. Msichana akikata tawi vibaya, Mzee humwita “daktari wa boma”, yule wa serikali anayekata watu miguu, mpaka jioni.

Sasa habari ya mbwa, ambayo imetuchosha sote. Bibi ana mbwa wa miguu mifupi, Waldi. Mwaka juzi Waldi alitapika, na ndani ya matapishi Bibi akaona jani la ua. Tangu hapo mawaridi ni sumu. Waldi akikohoa, ni mawaridi. Akikataa nyama, ni mawaridi. Tumezungusha uzio wa miiba mara tatu, na mara tatu Waldi amepita chini yake.

Siku moja Mzee alichuma ua, akalila lote mbele ya Bibi.

“Wewe si mbwa, Lomayani,” Bibi akasema.

“Nashukuru, Bibi,” akajibu, akaendelea kutafuna.

Mimi nilianza kuandika siku za ugonjwa katika daftari langu. Waldi ameugua mara saba, na zote saba ni Alhamisi. Jumatano ndiyo siku tunayonyunyizia mawaridi maji ya tumbaku ili kuua wadudu, na ndoo hubaki wazi kando ya banda lake. Nilipomwonyesha Mzee daftari, alilifunga, kisha akasema, “Binti yangu, hilo nalijua tangu mwaka jana.” Hakulisema kwa sababu tumbaku inayobaki huisaga ugoro, na aliogopa Bibi angefunga stoo ya tumbaku. Nilikasirika nusura nilie. Ameniruhusu kuliandika hapa.

Bibi naye ameambiwa, lakini hasadiki. Anasema hata baba yake alitumia tumbaku bustanini. Ameamuru miche yote ing'olewe Jumatatu, tarehe 29, isipokuwa akiletewa barua ya mtu aliyesomea dawa za wanyama. Mzee hakubisha. Jana tulimkuta akipogoa matawi ili yachanue mwezi wa nane.

Mzee Lomayani, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako, ingawa ulizidi kidogo. Tunakuombea afya, maziwa tele, na asubuhi zisizo na kengele ya misheni.

Nakala ya karatasi hii naituma Moshi kwa Bwana Daktari wa mifugo. Bwana, tarishi ameagizwa asirudi mikono mitupu, na siku zetu ni chache: je, ni mawaridi yanayomdhuru mbwa, au ni maji ya tumbaku?

Magdalena, darasa la nne