Bi Bisibisi na Saini Iliyokuwa Yake

Ijumaa tarehe 28 ya mwezi huu, mpimaji mkuu wa maabara yetu ya umeme atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi katika shirika la viwango. Hakuna anayemwita kwa cheo hicho. Kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, yeye ni Bi Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi ndogo ya mpini mwekundu inayokaa kwenye mkoba wake pamoja na miwani na leso. Ameniomba nisimwandikie sifa tupu. Mimi ni karani wa masjala. Mafaili yake yote yamepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitaandika yaliyomo kwenye mafaili.

Aliajiriwa akiwa na cheti cha ufundi umeme na gauni moja la kazini. Miaka ile maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyopiga kelele kuliko mashine za kupimia. Alijifunza haraka, na akawa na ugonjwa wa kukagua kila kitu. Kwenye harusi ya mhasibu wetu alizima muziki katikati ya dansi kwa sababu waya wa spika ulikuwa umechunika. Maharusi walisimama dakika kumi huku yeye akiuzungushia waya ule utepe wa umeme. Mashemeji zake walizoea kuficha pasi wakisikia anakuja. Mumewe, ambaye ni seremala, hudai kwamba posa yake ilikaa miezi minane kwenye majaribio kabla ya kupewa leseni, na kwamba hadi leo anakaguliwa bila taarifa.

Kwa wanafamilia watakaosoma jarida hili bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Kiwanda kikitaka alama ya usalama, huleta maombi, mchoro wa bidhaa na orodha ya vipuri vyake. Wakaguzi huenda kiwandani kuangalia kama kweli bidhaa inatengenezwa pale, na kama yupo mtu anayeipima kabla haijatoka. Kisha sampuli huja maabara. Huchemshwa, huloweshwa, huangushwa, hupitishiwa umeme kupita kiasi. Ikifaulu, kiwanda hupewa leseni ya mwaka mmoja na namba ya kuchapa chini ya alama. Kila mwaka sampuli nyingine zinatakiwa kuchukuliwa dukani, ili tuone kama kinachouzwa ni kilekile tulichokipima.

Hapo kwenye neno "dukani" ndipo palipooza.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, Bi Bisibisi alipima hita ya kuogea, ile inayofungwa juu ya bomba la bafuni. Ilifaulu vizuri. Ndani yake waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, ulifungwa kwa skrubu kwenye bamba la shaba lililogusa maji, ili umeme ukivuja upate njia ya kwenda ardhini badala ya kupita kwa anayeoga. Alama ikatolewa. Mwaka uliofuata gari la ukaguzi lilikuwa bovu, na kiwanda kikajitolea kuleta sampuli chenyewe. Zilikuja kwenye boksi safi, zimefungwa vizuri. Fomu ilikuwa na mstari uliosema "zimechukuliwa dukani". Alisaini. Mwaka wa tatu akasaini tena. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo, na mimi nilikuwa nikigonga mhuri wa masjala juu yake.

Asubuhi moja ya mwaka wake wa kumi na nne, fundi cherehani mmoja alifika mapokezi akiwa na mfuko wa plastiki. Aliuliza ni nani anayehusika na alama. Nilimpeleka maabara mwenyewe. Ndani ya mfuko mlikuwa na hita ileile, na ubavuni mwake alama yetu na namba ya leseni. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa amefia bafuni siku tisa zilizopita. Hakupiga kelele, wala hakutaka kukaa.

Bi Bisibisi aliifungua hita palepale mezani. Bamba la shaba halikuwepo. Waya wa kijani na njano uliingia kwenye tundu lake kama kawaida, ukaenda urefu wa kidole kimoja, ukaishia hapo. Ulikuwa umekatwa na kubandikwa kwa gundi kwenye plastiki. Kwa nje usingejua.

Fundi aliuangalia ule waya, kisha akasema, "Dukani zilikuwepo mbili. Mke wangu alisema tuchukue hii kwa sababu ina alama. Niambie, dada, alikosea?"

"Hakukosea," Bi Bisibisi alimjibu. "Tulikosea sisi."

Nilimsindikiza yule baba hadi getini. Niliporudi nilimkuta Bi Bisibisi amekaa na lile faili mapajani, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye saini yake.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika juu. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye naye ameshastaafu, alimwita, nami nikabeba faili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Alimshauri kwa upole aandike kwamba hita ile ni bandia, kwamba mtu fulani ameiga alama yetu, na jambo lingeishia polisi. Alimkumbusha kwamba ana watoto shuleni. Alimwita "mwanangu".

Bi Bisibisi alimsikiliza hadi mwisho. "Namba ni yetu, mzee," alisema. "Na saini ni yangu."

Aliandika taarifa ya kurasa nne, akajitaja mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Leseni ilifutwa. Kiwanda kilifungwa, na baada ya miezi michache wenyewe wakafungua kingine kwa jina jipya, wakitengeneza viti vya plastiki. Hakuna aliyefungwa. Aliyeadhibiwa ni yeye: aliondolewa maabara na kupelekwa stoo ya sampuli, chumba kisicho na dirisha, akabandika lebo kwa miaka mitano. Baadhi yetu tuliacha kula naye mchana. Ninaliandika hili kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Tuliogopa, maana kwenye mafaili yale mlikuwa na saini nyingine nyingi.

Hita zilizokuwa zimeuzwa ni elfu tisa na mia nne. Redio ilitangaza kwa wiki mbili, ikachoka. Madukani zilirudishwa elfu tatu na mia moja. Zilizobaki zilikuwa kwenye bafu za watu. Bi Bisibisi alianza kuzifuata kila Jumamosi, yeye na mumewe, na orodha aliyoipata kwa wenye maduka. Wengine walimfukuza wakidhani ni mwizi. Bibi mmoja aligoma kabisa, akisema hita yake ni nzuri na haijamfanya lolote. Ilibidi seremala amtengenezee mlango wa kabati ndipo akubali ifunguliwe. Na ipo nyumba moja nyuma ya kituo cha mafuta ambako walifika wakakuta viti vya msiba vimepangwa uani. Mpangaji, mfamasia, alikuwa amezikwa jana yake. Bi Bisibisi alikaa kwenye kiti kimojawapo hadi jioni bila kumweleza mtu kwa nini amekuja. Jumatatu aliniletea jina la marehemu niliingize kwenye faili. Mumewe aliniambia kwamba tangu mwaka ule nyumbani kwao maji ya kuoga huchemshwa kwenye sufuria.

Mkurugenzi mpya alimrudisha maabara. Hapo ndipo alipoandika utaratibu tunaoufuata sasa. Sampuli ya kwanza ya kila bidhaa hufungwa kwa lakiri na kuhifadhiwa. Kila mwaka mmoja wetu huenda dukani kama mteja yeyote, hununua, na hizo mbili hufunguliwa sambamba, skrubu kwa skrubu. Miaka miwili ya mwanzo tulifuta leseni arobaini na moja. Mwenye kiwanda kimoja cha nyaya alimwita "adui wa ajira za watu" mbele ya kamati. Bi Bisibisi alimwomba tu aseme, kati ya waya wa sampuli yake na ule wa dukani, ni upi angeufunga chumbani kwa mama yake. Kikao kiliahirishwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kibandani kwa yule fundi cherehani kumwomba neno la kuweka kwenye jarida hili. Alishona hadi mwisho wa pindo ndipo akainua kichwa. "Sina la kumsifu," alisema. "Lakini aliniambia ukweli siku ambayo uongo ulikuwa rahisi. Mwandikie hivyo." Nilipomsomea Bi Bisibisi maneno hayo, alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akaniuliza kama faili la majiko ya umeme limerudi.

Dada yetu, kwa niaba ya maabara, masjala na sisi sote uliotufundisha kuogopa saini zetu wenyewe, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na Jumamosi za kukaa barazani na shemeji yetu bila mkoba begani. Hita zilizokwisha kuondolewa majumbani ni elfu tano mia moja sabini na nne. Ya mwisho uliifungua Machi mwaka huu kwenye nyumba ya wageni, ikiwa bado inatumika. Zimebaki elfu moja mia moja ishirini na sita. Orodha ninayo mimi. Wapimaji wawili na dereva wameshajiandikisha, na Jumamosi hii tunaanza na mitaa ya karibu na soko.