Mbegu za Kitani Alizoachiwa Ignacy

Benchi la mbele ya jengo la matofali mekundu, pale Żyrardów, Poland, lina watu wake. Jumanne ile mzee aliyebandikwa jina la Redio kwa maneno yake mengi alileta chupa ya kahawa, na Daktari, ambaye maisha yake yote alikuwa dereva wa daktari wa ng'ombe, akaja na mdomo wake. Ignacy akaja ameshika tumbo. Siku ya nne hajapata choo. Mkewe, Bogumiła, yuko kwenye maji ya tiba huko Ciechocinek kwa wiki tatu, na amemwachia mtungi wa mbegu za kitani: kijiko kimoja kwa siku, tumbo litalainika. Ignacy jikoni huingia kutafuta kizibuo tu.

— Umekula vijiko vingapi? — Daktari akauliza.

— Kimoja kimoja. Tangu jana vitatu vitatu, kama ulivyoniambia.

— Ndiyo maana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo piga sita.

— Marehemu mama alinibandika hizo kifuani, kikohozi kikakata, — akasema Redio. — Na mafuta ya damu zinashusha.

— Mafuta tu? Mjomba wangu alikuwa na kipara, akaota nywele.

— Mbona tumbo limekuwa ngoma, jamani? Tangu alfajiri natapika.

— Ugonjwa unaaga huo, — akasema Daktari. — Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, kaka, — akadakia Redio. — Ongeza.

Ignacy akatoa kifuko mfukoni, akamimina mbegu kiganjani. Otylia, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, alikuwa akipita na mbwa wake. Akasimama.

— Mzee, unazila kavu hivyo?

— Kwani zinaliwaje?

— Na maji umekunywa kiasi gani?

Ignacy akamtazama Daktari. Daktari akatazama viatu vyake. Redio akakaza kifuniko cha chupa ambacho hakikuwa kimelegea. Hapo ndipo Ignacy alipokumbuka kikombe cha uji ule wa kuteleza ambao Bogumiła alimpa kila jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuwahi kuuliza unapikwa kwa kitu gani; kumbe ni mbegu hizi hizi, na maji tele. Hofu ikamshika, akaona aibu pia.

— Zinavimba ndani, mzee. Bila maji zinaweza kuziba utumbo. — Otylia alikuwa tayari na simu sikioni, anaita gari la wagonjwa.

— Basi nipeni maji. Jamani, maji.

Redio akainuka mbio. Otylia akamzuia kwa mkono.

— Usimpe. Tumbo hilo huenda limeshaziba; sasa hata maji hayafai.